Mpe karatasi, kisha msikilize

Jirani zetu hapa Maskati ni Wasudani waliokimbia Khartoum baada ya vita kuanza Aprili 2023. Mtoto wao wa miaka minane alikuwa hasemi sana. Siku moja nikampa karatasi na kalamu za rangi achore pamoja na wanangu. Akachora nyumba, mbingu yote akaipaka nyeusi. Moyo ukanipasuka, nikajua ni huzuni ile.

Nikamwambia, "Hebu nipe habari ya picha yako."

"Khalti, rangi nyingine wamezichukua wenzangu."

Niliona haya. Kisha akanionesha kitu kidogo mlangoni: "Hii baiskeli yangu. Tuliiacha." Hapo ndipo maneno yakaanza kumtoka.

Mwaka 2005, watafiti wa Human Rights Watch waliwapa karatasi watoto wa Darfur waliokimbilia Chad, wajishughulishe wakati wazee wao wanahojiwa. Bila ya kuambiwa wachore nini, wakachora helikopta, wapanda farasi wenye bunduki na nyumba zinazoungua. Wakaeleza wenyewe yaliyowakuta.

Basi wazazi wenzangu, picha ni mlango tu. Usimwamrishe mtoto achore vita, wala usiifasiri rangi kabla hujamuuliza. Akinyamaza, mwache. Picha yake usiirushe WhatsApp, ni siri yake. Na ikiwa wiki zinapita halali, hachezi, anashtukashtuka, mpelekeni kwa daktari.

Yule wa jirani jana kaja mwenyewe kuomba karatasi.