Kuhesabu Mapigo ya Saa ili Kusogeza Picha

Mwaka 1977 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mashine ya michezo ya kuunganishwa na televisheni ya nyumbani. Iliitwa Video Computer System, na baadaye ikajulikana kama Atari 2600. Kumbukumbu yake ya kuandikia na kufuta ilikuwa baiti 128 tu. Hata hivyo mashine hiyo ilionyesha ndege, vifaru na watu wakienda kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Iliwezekanaje? Jibu ni kwamba uhaba wa kumbukumbu ulifidiwa kwa kutunza wakati kwa makini, kiasi kwamba kosa lisilofika sehemu moja ya milioni ya sekunde liliweza kuonekana kwa macho.

Picha isiyohifadhiwa

Kioo cha televisheni ya wakati huo kilichorwa na mwali wa elektroni uliopita kutoka kushoto hadi kulia, mstari baada ya mstari, kuanzia juu hadi chini. Kwa televisheni za Marekani, mashine hii ilitoa mistari 262 kwa kila picha, na picha 60 hivi kwa sekunde. Kwa kawaida mistari 192 ndiyo iliyobeba mchezo wenyewe, na kila mstari ulikuwa na nukta 160. Picha nzima basi ilikuwa na nukta 160 × 192, yaani 30,720. Kama kila nukta ingetengewa biti moja tu, bila kujali rangi, zingehitajika baiti 3,840. Kiasi hicho ni mara 30 ya kumbukumbu yote iliyokuwapo.

Kwa sababu hiyo picha haikuhifadhiwa popote. Chipu iliyoitwa TIA, iliyobuniwa na Jay Miner na wenzake, ilikuwa na habari za mstari mmoja tu, yaani ule uliokuwa ukichorwa. Iliweza kuchora visanamu viwili vyenye upana wa nukta 8, makombora mawili, mpira mmoja na mandhari ya nyuma. Prosesa ya aina ya 6507 ilikuwa na kazi ya kubadilisha habari hizo kila mara kabla mwali haujapita. Ili kisanamu kionekane juu au chini, programu ilihesabu mistari: mstari wa kisanamu ulipofika, ilipeleka umbo lake, mistari mingine ilipeleka sifuri.

Mahali hugeuka kuwa wakati

Kila mstari ulichukua mapigo 228 ya saa ya rangi. Katika mapigo 68 ya mwanzo mwali ulikuwa umezimwa; 160 yaliyobaki ndiyo nukta zilizoonekana. Saa ya prosesa ilikwenda kwa theluthi moja ya kasi hiyo, kwa hiyo prosesa ilipata mapigo 76 kwa kila mstari. Katika pigo moja la prosesa, mwali ulivuka nukta 3.

Lililo gumu ni kwamba TIA haikuwa na mahali pa kuandika, kwa mfano, "weka kisanamu kwenye nukta ya 100". Ilikuwa na rejista iliyoitwa RESP0, ambayo ilijali wakati wa kuandikiwa tu, si nambari iliyoandikwa. Prosesa ilipoandika chochote humo, ilikuwa kama kusema "hapa!". Kuanzia mstari uliofuata, kisanamu kilichorwa pale mwali ulipokuwa, baada ya kuongezwa nukta chache zisizobadilika.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Mwanafunzi mmoja na apitishe chaki ubaoni kwa mwendo usiobadilika. Mwingine, akiwa amefumba macho, ahesabu kimoyomoyo kisha aseme "hapa!", na chaki itie alama. Asiyeona ubao ataweza kuchagua mahali pa alama, mradi ajue mwendo wa chaki na asikosee hesabu.

Kusogeza kisanamu

Programu ilianza kwa kuandika katika rejista ya WSYNC, ambayo ilisimamisha prosesa mpaka mwanzo wa mstari. Kisha ilitoa 15 kutoka katika nambari ya mahali, tena na tena. Amri ya kutoa ilichukua mapigo 2, na amri ya kurudi nyuma mapigo 3, jumla 5. Kwa kuwa 5 × 3 ni 15, kila mzunguko ulichukua muda uleule ambao mwali ulihitaji kuvuka nukta 15. Kutoa na kungoja vikawa kitu kimoja.

Nukta zilizobaki zilirekebishwa na rejista ya pili, iliyoweza kusogeza kisanamu hadi nukta 7 kushoto au 8 kulia. Kwa mahali pa 100, mizunguko 7 hutoa 105. Kisha kisanamu hurudishwa nukta 5 kushoto. Ili kukisogeza, programu iliongeza 1 kwenye nambari na kurudia kazi hiyo katika picha iliyofuata. Kwa picha 60 kwa sekunde, kisanamu kilivuka kioo chote kwa sekunde 2.7 hivi.

Kosa la pigo moja

Amri ya kurudi nyuma ilichukua mapigo 3, lakini ilichukua 4 kama mruko wake ulivuka mpaka wa ukurasa wa kumbukumbu, yaani kila baiti 256. Hapo mzunguko ulikuwa wa mapigo 6, sawa na nukta 18, na kisanamu kilichopaswa kwenda taratibu kikawa kinarukaruka. Hivyo programu isiyobadilishwa hata herufi moja iliweza kuharibika kwa kuhamishiwa tu mahali pengine katika kumbukumbu. Tena, kazi ya mstari mmoja ilipozidi mapigo 76, mstari wa ziada uliongezeka, na picha ikaruka kiooni. Ndiyo maana waandishi wa programu waliandika idadi ya mapigo kando ya kila amri. Hesabu za alama na mienendo ziliachiwa mistari 70 isiyoonekana, yenye mapigo 5,320.

Kwa nidhamu hiyo yalipatikana mengi. Katika mchezo wa Space Invaders wa mwaka 1980, visanamu viwili, kila kimoja kikirudiwa mara tatu katika mstari, vilifanya safu ya wavamizi 6. Safu 6 zilifanya wavamizi 36.

Mwaka 1983 Nintendo ya Japani ilitoa mashine ya Famicom, iliyokuwa na kumbukumbu maalumu ya mahali pa visanamu 64. Katika mashine hiyo kuweka kisanamu kulikuwa kuandika nambari. Bei ya kumbukumbu ilikuwa imeshuka, na mzigo wa kuhesabu ukahama kutoka kwa mwandishi wa programu kwenda kwenye chipu.

Zoezi: Mizunguko mingapi, na nukta ngapi za marekebisho, zinahitajika kwa mahali pa 47? (Jibu: mizunguko 3, kisha nukta 2 kulia.)