Mtunza Bustani na Haki ya Ardhi

Ndugu msomaji, Eddie Koiki Mabo alikuwa mfanyakazi kama wewe. Katika miaka ya 1970 alitunza bustani za Chuo Kikuu cha James Cook, mjini Townsville, Australia. Kwao kulikuwa kisiwa cha Mer, naye aliamini kuwa shamba la wazee wake huko ni lake. Siku moja, katika mazungumzo, walimu wawili wa historia, Henry Reynolds na Noel Loos, wakamwambia neno lililomshtua: kwa sheria ya nchi ile, ardhi hiyo ni mali ya Serikali.

Mazungumzo yale hayakuishia chuoni. Mwaka 1982 Mabo na wenziwe wanne waliishtaki Serikali ya Queensland. Mwaka 1985 Serikali hiyo ilitunga sheria ya kuzifuta haki zao kabla shauri halijakatwa (hila ya ajabu kwa mshtakiwa!), lakini Mahakama Kuu ya Australia ikaibatilisha mwaka 1988. Tarehe 3 Juni, 1992, majaji 6 dhidi ya 1 waliamua kwamba haki za wenyeji hazikufa kwa sababu tu Mwingereza alitwaa nchi. Katika hukumu hiyo lilitajwa shauri la Mwafrika, Amodu Tijani wa Lagos, lililokatwa London mwaka 1921. Mabo hakuisikia hukumu. Alifariki Januari mwaka huo huo.

Lakini tusishangilie upesi. Sheria iliyofuata mwaka 1993 humtaka mwenyeji athibitishe uhusiano na ardhi kwa mila za wazee wake, na mahakama zimedai kwamba mila hizo ziwe zimeshikwa tangu Mwingereza alipojitangazia enzi. Aliyefukuzwa atathibitishaje?

Wayorta Yorta, wa bonde la mto Murray, waliwaleta wazee wao watoe ushahidi. Mwaka 1998 Jaji Howard Olney aliyapa maandishi ya Edward Curr uzito kuliko maneno ya wazee hao. Na Curr alikuwa nani? Mfugaji wa Kizungu aliyelisha kondoo katika nchi yao ile ile miaka ya 1840! Madai yao yakatupwa.

Mwaka 2015 Tume ya Kurekebisha Sheria ya Australia ilipendekeza kwamba mwenyeji asilazimishwe kuthibitisha kuwa mila hazikukatika. Kwa Wayorta Yorta pendekezo hilo lilichelewa: rufani yao ya mwisho ilikuwa imekwisha shindwa mwaka 2002.