Oksijeni ya thieta na mapafu baada ya upasuaji

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Mjini Meru, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Embu iliyo chini kidogo, asilimia hiyo haibadiliki, ila hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya Meru anaweza kusoma asilimia 95 kwenye kipimo cha oksijeni cha kidoleni bila ugonjwa wowote.

Mgonjwa akilazwa chali na kupewa nusukaputi, misuli ya kifua hulegea na sehemu za chini za mapafu hubanwa. Kwa wagonjwa wapatao 9 kati ya 10, baadhi ya vifuko vya hewa husinyaa. Oksijeni nyingi huzidisha hali hiyo. Naitrojeni huingia kwenye damu polepole, hivyo hubaki ndani ya kifuko na kukishikilia wazi. Oksijeni tupu hufyonzwa upesi, na kifuko kilichozibwa njia hunywea.

Kabla ya mpira kuingizwa kooni, oksijeni tupu haina mbadala, kwa kuwa humpa mgonjwa akiba ya dakika kadhaa. Ubishi uko kwenye saa zinazofuata. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza oksijeni ya asilimia 80 ili kupunguza maambukizi ya vidonda vya upasuaji. Mwaka 2018 likalegeza pendekezo hilo. Utafiti wa Marekani wa 2022, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 350,000, ulikuta oksijeni ya kupita kiasi ikiandamana na madhara ya mapafu, figo na moyo, ingawa haukuthibitisha kuwa ndiyo chanzo.

Kipimo cha kidoleni hakifichui kusinyaa kwa vifuko. Anayepewa oksijeni nyingi anaweza kusoma 99 hata kama sehemu ya pafu imefungwa. Kwa hiyo kipimo cha kabla ya upasuaji, mgonjwa akivuta hewa ya kawaida, kinapaswa kuandikwa kwenye faili yake, hasa nyanda za juu.

Wodini, mwenye kidonda cha upasuaji tumboni huogopa kukohoa na hupumua juujuu. Makohozi hutuama na nimonia hupata nafasi. Dawa ya maumivu ya kutosha ni kinga ya mapafu pia: humwezesha kuketi, kuvuta pumzi ndefu, kukohoa huku amekumbatia mto juu ya kidonda, na kutembea mapema. Oksijeni ikiondolewa, apimwe tena. Aliyeingia na 95 akasoma 89 anahitaji daktari siku hiyohiyo.