Soma tiketi vizuri kabla ya safari ya ng'ambo

MTOTO wa Adungosi anapopata nafasi ya kusoma Marekani, ukoo mzima hushangilia. Harambee hufanywa, tiketi hununuliwa na matatu hukodishwa kumsindikiza. Lakini ni familia ngapi huketi chini na kuisoma tiketi yenyewe? Hesabu ndogo ikikosewa, msafiri huachwa na ndege iliyogharimu ng'ombe kadhaa na pengine kipande cha shamba.

Tuanze na barabara. Malaba hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400. Basi huchukua kama saa tisa au kumi, na zaidi malori yakijaa njiani. Muda kama huo ndio ndege hutumia kutoka Nairobi hadi London, mwendo wa kilomita 6,800 hivi. Kwa hivyo mtu wa mpakani ana safari mbili ndefu, wala si moja. Mwenye uwezo huifupisha ile ya kwanza kwa kupanda ndege Kisumu, na kufika Nairobi kabla ya saa moja kwisha.

Upepo nao huamua

Shirika la Kenya Airways lilianza safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018. Umbali ni karibu kilomita 12,000. Kwenda huchukua muda wa saa 15 hivi, lakini kurudi ni pungufu kwa saa moja au zaidi. Kwa nini, ilhali umbali ni ule ule? Huko juu sana pepo kali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokwenda Marekani hupambana nazo. Inayorudi husukumwa nazo.

Mtego wa saa

Wazazi hunaswa zaidi hapa. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za kila mji. Tuseme ndege inaondoka Nairobi 23:25, yaani saa tano na dakika 25 usiku, na kufika New York 06:25 asubuhi. Mama atahesabu muda wa saa saba, na simu isipolia alfajiri ataanza kulia. Kumbe wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane, na wakati wa joto kwa saa saba. Ikiwa ni Januari, mwanawe atatua wakati Adungosi ni saa nane na dakika 25 mchana.

Mtego mwingine ni usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 14, 00:30, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku unaofuata mchana wa tarehe 13. Anayefika uwanjani jioni ya tarehe 14 atakuta ndege iliondoka zamani.

Kwa hivyo, mzazi, hesabu kwa kurudi nyuma. Toa muda wa saa tatu za ukaguzi uwanjani, toa saa mbili za msongamano wa Nairobi, kisha toa saa kumi za basi. Afadhali zaidi, mwache kijana alale Nairobi kwa jamaa siku moja kabla. Gharama ya usiku mmoja ni ndogo kuliko ya tiketi ya pili.