Vyama vya Siasa na Demokrasia (3): Nani Humteua Mgombea?

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza kwa nini demokrasia ya watu mamilioni haiendeshwi bila vyama. Vyama ndivyo vinavyokusanya madai yaliyotawanyika na kuyafanya sera, vinavyoandaa viongozi, na vinavyompa mwananchi mtu wa kumuuliza pale serikali inapovurunda. Leo tunaingia ndani ya chama chenyewe, kwenye kikao kinachoamua jina la nani litachapwa kwenye karatasi ya kura.

Tuanzie Mbulu. Uchaguzi wa Agosti 1960, wa mwisho kabla ya Uhuru wa Tanganyika, ulikuwa wa viti 71. Chama cha TANU kilichukua 70, na katika majimbo 58 wagombea wake walipita bila kupingwa. Kiti kimoja kilichobaki kilikwenda kwa Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwanachama wa TANU. Alisimama kama mgombea binafsi dhidi ya mtu aliyeteuliwa na chama, akamshinda. Wapiga kura wa Mbulu waliitaka TANU kama Watanganyika wenzao, ila si kwa jina lile walilopelekewa, na sheria ya siku hizo iliwaachia njia ya kulisema hilo kwa kura.

Njia hiyo ilizibwa na Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliyotufanya nchi ya chama kimoja. Lakini waliotunga mfumo ule walijua kwamba mwananchi asiye na chama cha kuchagua lazima apewe walau mtu wa kuchagua. Vikao vya TANU vilichuja majina hadi yakabaki mawili kwa kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, wakazungushwa pamoja kwenye mikutano ya kampeni. Matokeo ya Septemba 1965 yaliwashtua wakubwa: wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Sera haikuweza kupingwa, na hilo lilikuwa kosa kubwa lililotugharimu miaka mingi. Hata hivyo, waziri alijua kwamba watu wa jimboni kwake wanaweza kumrudisha nyumbani wakati wowote wa uchaguzi.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Karibu wananchi wanane katika kila kumi waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilisoma malalamiko yaliyokuwa ndani ya majibu hayo, ikapendekeza vyama vingi, na Julai 1992 Sheria ya Vyama vya Siasa ikaanza kutumika. Ninaona uamuzi ule ulikuwa wa busara na ujasiri. Ila pamoja na kufungua vyama, Katiba iliwekewa sharti kwamba anayegombea urais au ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Alama za jembe na nyumba ziliondoka, lakini njia ya Sarwatt haikurudi.

Mchungaji Christopher Mtikila hakukubali. Alifungua kesi mwaka 1993, na Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu ya Dodoma akaamua kwamba mgombea binafsi ni haki. Serikali ikapeleka bungeni mabadiliko ya Katiba yaliyoifuta faida ya hukumu hiyo. Mtikila akarudi tena mahakamani, akashinda tena mwaka 2006. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Akavuka hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na Juni 2013 ikatamka kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika. Alifariki kwenye ajali ya gari Oktoba 2015, na sharti lile bado liko ndani ya Katiba.

Uzito wa sharti hilo unaonekana jimboni. Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu kuliko vingine vyote, uchaguzi halisi unafanyika wakati wa kura za maoni ndani ya chama, na siku ya kupiga kura inathibitisha tu yaliyokwisha kuamuliwa. Hadi mwaka 2020, waliopiga kura za maoni za chama tawala, CCM, waliweza kuwa wajumbe mia chache katika jimbo lenye wapiga kura laki na zaidi. Idadi hiyo ndogo ndiyo iliyofanya fedha itembee, kwa kuwa ni rahisi kuwafikia watu mia tano kuliko watu laki mbili. Na hata wajumbe hao hawakuwa na neno la mwisho. Mwaka 2020 CCM ilihesabu kura zake za maoni hadharani, jambo la kupongezwa kabisa, kisha vikao vya juu vikakata majina. Katika jimbo la Kawe, Dar es Salaam, aliyepeperusha bendera hatimaye ni yule aliyeshika nafasi ya tatu. Vyama vya upinzani navyo vina kamati kuu zenye mamlaka ya namna hiyo hiyo, na baadhi havina hata kura za maoni za kuhesabu.

Mbunge akishaingia, kamba inabaki mikononi mwa chama. Kwa mujibu wa Ibara ya 71 ya Katiba, anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti. Lengo lililotajwa ni zuri, kuzuia wabunge kununuliwa. Lakini kununuliwa hakukukoma. Desemba 2017 wabunge wa upinzani wa Kinondoni na Siha walijiuzulu, wakajiunga na CCM, na Februari 2018 wakarudi bungeni kwa majimbo yale yale baada ya uchaguzi mdogo uliolipiwa na walipa kodi. Yeyote atakayesema hapakuwa na biashara pale ana wajibu wa kueleza mwananchi wa Kinondoni alipata nini.

Kibaya zaidi, ibara hiyo haiwaumi wote sawasawa. Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalum wa CUF walifukuzwa na upande wa chama uliotambuliwa na Msajili wa Vyama vya Siasa, na ndani ya siku chache Spika akatangaza viti vyao viko wazi. Novemba 2020 Kamati Kuu ya Chadema iliwafukuza wabunge 19 wa viti maalum. Wakakata rufaa ndani ya chama, wakaenda mahakamani, wakaendelea kukaa bungeni hadi Bunge lile lilipomaliza muda wake mwaka 2025.

Mwaka huo huo wa 2025 tuliona mwisho wa barabara hii. Chadema haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, ikidai mageuzi kwanza, na Tume ya Uchaguzi ikatangaza kuwa chama hicho hakitashiriki. Chama kilipokosa, kila mwanachama wake aliyetaka ubunge au urais alikosa pia, isipokuwa ahamie chama kingine. Mtu anaweza kukubali au kukataa msimamo wa Chadema. Ninachokataa ni sheria inayofanya haki ya raia mmoja mmoja itegemee saini ya katibu mkuu wa chama.

Jirani zetu Wakenya walitoka huko kwa Katiba yao ya 2010, inayomruhusu mtu kugombea bila chama mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mwaka 2017 kaunti za Laikipia na Isiolo zilichagua magavana wa namna hiyo, na vyama vya Kenya havikufa. Wajerumani wamechukua njia nyingine: sheria yao inataka mgombea wa chama achaguliwe kwa kura ya siri na wanachama au wajumbe wao, na mbunge akihama chama anabaki na kiti chake. Ningependa tufanye yote mawili. Likishindikana la kwanza, basi la pili lisingoje: kura za maoni ziwekwe ndani ya sheria ya nchi, na kikao cha juu kinachomkata aliyeongoza kitoe sababu zake kwa maandishi, hadharani.

Wiki ijayo tutaangalia viti maalum vya wanawake, ambako mpiga kura halioni kabisa jina la mgombea. Chama kilichofikisha asilimia 5 ya kura halali za ubunge hupeleka orodha yake Tume, na walio juu ya orodha hiyo ndio wanaokuwa wabunge.