Mkutano wa Kijiji

Leo tutazungumza juu ya mkutano wa kijiji.

Ninyi wa Arash mwajua gharama ya ugomvi. Mwezi wa Juni 2022, huko Loliondo, vigingi vilisimikwa kutenga kilomita za mraba 1,500. Watu na polisi wakapambana. Askari mmoja akafa, raia wakajeruhiwa, wengi wakakimbilia Kenya. Baada ya mambo kama hayo, jirani humshuku jirani.

Dawa moja i karibu. Kwa sheria ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkaaji aliyetimiza miaka 18, mwanamke kwa mwanamume, wa chama hiki na chama kile. Hukaa kila miezi mitatu. Mbele yake halmashauri ya kijiji hueleza kazi na fedha.

Basi fanya mambo matatu. Kwanza, hudhuria. Pili, msikilize hata usiyekubaliana naye, kisha jibu maneno yake, usimtukane. Tatu, soma muhtasari kabla ya kutia sahihi.

Kwa nini usome? Mwaka 2017 vijiji vinne, Arash kimojawapo, vilipeleka shauri la ardhi Mahakama ya Afrika Mashariki. Mwaka 2022 majaji walisema ushahidi haukutosha. Mwaka 2023 majaji wa rufaa wakaitengua hukumu hiyo. Mahakamani maneno matupu hayatoshi. Karatasi hushuhudia.

Maswali: Mkutano wenu wa mwisho ulikaa lini? Nani aliusoma muhtasari wake?

Kwaherini.