Adui wa kwenye filamu si jirani yako wa Kisauni

KAA kwenye kibanda cha video Bombolulu au Magongo filamu inapoisha, hutakosa ubishi. "Stelingi huyu ndiye aliyecheza ile ya juzi!" "Wapi! Huyo mwingine kabisa." Mwishowe mmoja anatoa simu na kuuliza akili unde. Jibu laja fasta, kwa Kiswahili kilichonyooka, na wote kimya. Lakini limetoka wapi?

Modeli ya lugha imesoma maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno linalofuata. Kwa sinema za Hollywood, zilizoandikwa kila mahali, hukisia vizuri. Kwa filamu ya Pwani iliyotajwa kwenye kurasa chache, inaweza kukubunia mwigizaji bila haya.

Dawa mojawapo ni grafu ya maarifa. Jina lisikutishe. Ni nukta na mistari tu: nukta ni mtu, filamu au mahali; mstari ni uhusiano. David 'Tosh' Gitonga, aliongoza, Nairobi Half Life. Basi. Filamu hiyo ilitoka 2012, mwaka uleule Google ilipozindua grafu yake na Wikidata, ambayo yeyote anaweza kuihariri, ikaanza.

Mistari ikiwa mingi, utamu unaingia. Anza na Kati Kati (2016) yake Mbithi Masya, halafu Supa Modo (2018) yake Likarion Wainaina. Fuata mistari ya waandishi: zote mbili zafika kwa Mugambi Nthiga. Rudi kwa Masya, utajikuta kwenye muziki, kwa Just A Band.

Kuchora haya yote kwa mkono kunachosha. Hapo ndipo modeli inafaa: unaipa maelezo ya filamu, unaiagiza itoe nani, alifanya nini, kwenye kazi gani. Isikisie chochote, isome ulichoipa.

Ila Kiswahili kina mitego yake. 'Rafiki' ni filamu ya Wanuri Kahiu ya 2018, ni nyani wa The Lion King, na pia ni beshte yako. Mmoja ataandika mwelekezi, mwingine mwongozaji, mwingine dairekta. Kwa grafu lazima huo uwe mstari mmoja. Na "aliongoza" haisemi kama ni mke au mume, kwa hivyo mashine ikitafsiri yaweza kumgeuza Bi Kahiu kuwa bwana.

Mtego mkubwa ndio unaotuhusu sisi wa bara, Likoni, Kisauni na Changamwe. Chukua Watatu (2015), filamu ya Nick Reding na shirika la S.A.F.E. Kenya, inayosimulia vijana wa Mombasa na itikadi kali. Mashine yaweza kudhani 'watatu' ni hesabu tu. Hilo dogo. Kubwa ni ikichanganya mwigizaji na mhusika. Mistari miwili, 'aliigiza' na 'ni', ikibadilishana nafasi, kijana aliyeigiza muhalifu anaandikwa muhalifu. Mtaani tunajua kijana anavyotazamwa akitaja tu anakotoka. Sasa fikiria mwajiri anauliza simu yake kuhusu jina hilo, na jibu linakuja limenyooka vilevile.

Kwa hivyo ukijenga grafu yako, shika haya. Mwigizaji awe nukta yake, mhusika nukta yake, na kila mstari uonyeshe ulikotoka: ni orodha ya majina mwishoni mwa filamu, au ni gazeti? Usio na ushahidi, futa. Mtu asomaye filamu hiyo awe ndiye mwenye neno la mwisho, si mashine. Na yule aliyepita tu nyuma ya kamera mara moja, muulize kwanza kabla ya kumweka.

Faida ipo pia. Aliyeshika taa, aliyerekodi sauti, aliyewapaka waigizaji vipodozi, majina yao hupita kwenye skrini watu wakiwa washasimama kwenda zao. Produsa akija Mombasa kutafuta watu wa kazi, atawapataje kama hakuna mahali walipoandikwa?

Basi leo filamu ikiisha, usiinuke. Ngoja majina yapite, piga picha. Hiyo ndiyo nukta yako ya kwanza.